Amana ya Wakubwa wa Sosiete



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu wa Wamaza, na wewe mama unayesomewa karatasi hii nyumbani, leo nasema nanyi juu ya wakubwa wa kazi: direkta wa sosiete, rais wa kooperative, mwenye shimo, hata mwenye duka anayetuma vijana wawili. Usijitoe ukasema hutuba hii ni ya Wazungu. Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, na ataulizwa juu ya kundi lake.

Sisi tumeona sosiete zikizaliwa na kufa. Sominki iliundwa mwaka 1976, ikachimba stanini na dhahabu katika Maniema na Kivu. Mwaka 1985 bei ya stanini ikaanguka dunia nzima, na mwaka 1997 sosiete ikafungwa. Bei kuanguka si dhambi ya direkta. Lakini maelfu ya wafanyakazi walibaki miaka na miaka wakidai hesabu yao ya mwisho, na wako waliozikwa wakidai. Ndipo namkumbuka Nabii Yusufu (a.s.). Alipokabidhiwa ghala za Misri hakungoja njaa ibishe hodi. Miaka saba ya neema aliacha nafaka katika masuke yake, ila kidogo ya kula, na watu wakaishi miaka saba ya shida. Mkubwa wa sosiete naye ana miaka yake ya masuke. Feza ya mtu atakayeachishwa kazi huwekwa wakati dhahabu ingali inatoka.

Njoo karibu zaidi, Namoya, hapa hapa Kabambare. Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa biashara Januari 2016, na Septemba 2019 ikasimamisha kazi, baada ya mashambulizi na wafanyakazi kutekwa. Wenye silaha wana dhambi yao, wala mimi siwatetei. Tena tuseme haki: sosiete ilikuwa na mfuko wake uliojenga masomo na nyumba za wagonjwa. Lakini wachimbaji wa mikono waliotolewa mlimani Mwendamboko, ugomvi wao na sosiete haukupata kupoa. Ukuta wa shule haumjibu baba aliyepoteza mahali pa kulia. Angeanza kuulizwa yeye, kabla ya mashini kupanda mlima.

Sheria ya migodi ya Machi 2018 imetupa mkono. Sosiete ya mgodi inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Ni dola 3 katika kila dola 1,000; si nyingi, lakini ni haki, si sadaka. Na katika kodi ya madini inayotozwa, asilimia 15 ni ya sekta au shefferi yenyewe. Basi ewe chefu, ewe mjumbe wa kamati, nawe ni mkubwa hapo. Ikiliwa njiani, usimtafute mwizi Toronto.

Sasa nirudi kwetu, maana ndiko kunakoniuma. Masika yaliyopita nilimswalia mtoto wa miaka sita. Alitumbukia katika shimo lililojaa maji ya mvua, shimo ambalo dhahabu yake ilikwisha na wenyewe wakahamia kwingine. Mwenye shimo sitamtaja. Anasimama katika swafu zetu, na siku ile alileta mchele matangani, mfuko mzima, Mungu amlipe. Lakini kufukia shimo kungemtaka siku mbili na vijana kumi. Aliyajua hayo siku alipogawa faida ya mwisho. Nanyi mliopokea faida ile mlijua, nami niliyepokea zaka yake sikumuuliza.

Leo baada ya swala, marais wa kooperative na wenye mashimo wasitoke. Tutaandika kila shimo lililo wazi na jina la aliyelichimba, kisha tutapanga zamu. Tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi na lile la mtoto. Mwenyewe ameahidi kuja na majembe sita.