Mkono Unaojua

Mwanafunzi wa uuguzi aweza kueleza darasani, bila kuruka hatua, namna ya kumhudumia mtoto mchanga asiyepumua. Kisha siku moja mtoto anazaliwa kweli, kimya, mwili umelegea, na mikono ya mwanafunzi yule isijue ianzie wapi. Je, tuseme alikuwa anajua?

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, jambo hili lilipimwa. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, wakitumia mwanasesere. Miezi kadhaa baadaye walijaribiwa tena juu ya mwanasesere, wakafanya vizuri kuliko awali. Lakini kwenye chumba cha kuzalia, huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Hospitali ikaleta mazoezi palepale kazini: dakika 3 hadi 5 kila wiki, na kikao kirefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watakuwapo watu wazima kesho kwa sababu ya dakika hizo.

Mtoto asiyepumua humpa mhudumu dakika moja tu. Ndani yake hakuna nafasi ya kukumbuka ukurasa wa kitabu: kumkausha, kusafisha njia ya hewa ikibidi, kuweka barakoa usoni isivuje, kutazama kama kifua kinapanda. Ujuzi wa namna hii lazima uwe umekwisha kuhamia mkononi, na hauhamii kwa kusikia mara moja.

Patricia Benner, muuguzi na mwalimu wa Marekani, aliandika mwaka 1984 kwamba muuguzi hupita ngazi tano, tangu mgeni anayeshikilia kanuni hadi bingwa anayeiona hali ya mgonjwa mara moja. Jambo gumu ni kwamba bingwa huyo mara nyingi hawezi kueleza alichokiona. Anasema tu, “Huyu mama simpendi anavyoonekana,” na saa moja baadaye presha inaporomoka. Mwanafunzi aliyesimama nyuma na daftari lake hapati kitu hapo. Anapata pale mkunga anapofikiri kwa sauti: tazama midomo yake, gusa mikono, ona alivyoacha kujibu. Kwa maoni yangu, sentensi hizo tatu zinafundisha kuliko mhadhara wa asubuhi nzima.

Ipo pia sababu iliyo nje ya ufanisi. Mgonjwa anapomnyooshea mwanafunzi mkono achomwe sindano, anautoa mwili wake kwa mtu asiyemjua. Kurudia zoezi juu ya mwanasesere, hata mara ya ishirini, hata ukiwa umechoka, ni kumheshimu mtu huyo kabla hujakutana naye. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mazoezi ni maandalizi tu ya uuguzi. Uuguzi umeshaanza hapo.

Basi nawaomba dada na kaka mnaosimamia wodi, pamoja na wakufunzi wa vyuo: msiwaachie wanafunzi kazi ya kubeba mafaili na kutandika vitanda pekee. Mwekeni mwanasesere karibu na chumba cha kuzalia, mtenge dakika tano kila wiki, na mnapomhudumia mgonjwa, semeni mnachokiona.