Walirudi na Mkate, Mama Akarudi na Watu

Somo: Yohana 4:1–42



Jumapili iliyopita niliwauliza swali rahisi: wiki hii umenunua vitu kwa watu wangapi? Mikono ikainuka, mkataja. Mama mboga, muuza maziwa, kijana wa boda boda, makanga, dada wa M-Pesa, fundi wa viatu. Wengine walifika watu kumi, wengine kumi na watano. Kisha nikauliza: kati ya hao, ni wangapi unawajua jina? Hapo kanisa likanyamaza kama kanisa la maombi ya kimya.

Kwa wale ambao hawakuwepo, na kwa sisi tuliokuwepo tukasahau kufikia Jumatatu asubuhi, haya ndiyo tuliyojifunza.

SAFARI MBILI ZA MJI MMOJA

Yesu alikuwa anatoka Uyahudi kurudi Galilaya, akapitia Samaria. Alipofika karibu na mji wa Sikari alikuwa amechoka, akaketi kisimani kwa Yakobo. Maandiko yanasema ilikuwa kama saa sita. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa. Ni mchana, jua liko utosini, na mtu amechoka kabisa.

Sasa angalia mstari wa 8. Wengi tunauruka kwa sababu tuna haraka ya kumfikia yule mwanamke. Mstari huo unatuambia wanafunzi walikuwa wapi: walikuwa wameenda mjini kununua chakula. Kwa hiyo waliingia Sikari. Walikutana na watu, wakauliza bei, wakalipa, wakarudi. Walirudi na nini? Na chakula.

Ndugu, fikiria jambo hilo. Watu hawa walikuwa wanatembea na Masihi. Wengine wao walikuwa wamemsikia Yohana Mbatizaji akimwonyesha kwa kidole. Walikuwa wameona maji yakigeuka divai kule Kana. Walikuwa na habari ambayo hakuna mtu hata mmoja sokoni Sikari alikuwa nayo. Wakanunua mkate, wakaondoka.

Halafu yule mwanamke. Anaacha mtungi wake kisimani, anaingia mji ule ule, siku ile ile, anaongea na watu wale wale. Mstari wa 30 unasema watu wakatoka mjini, wakamwendea Yesu. Wanafunzi walirudi na mkate, mama akarudi na watu.

Kwa nini tofauti hiyo? Wanafunzi hawakuwa watu wabaya. Lakini Wayahudi na Wasamaria hawakuwa wakichangamana. Ugomvi wao ulikuwa wa miaka mingi sana. Soma 2 Wafalme 17 uone jinsi mfalme wa Ashuru alivyoleta mataifa mengine kukaa katika miji ya Samaria. Walibishana hata juu ya mahali pa kuabudu, kama ni Yerusalemu ama ni kwenye mlima wa Gerizimu. Kwa hiyo kwa wanafunzi, Sikari ilikuwa mahali pa kununua na kutoka. Mtu wa Sikari alikuwa muuzaji tu.

Na sisi je? Mwambie jirani yako: "Sikari ni mtaa wetu."

DENI LA SHILINGI 340

Niliwaambia Jumapili kwamba kabla sijawahubiria nyinyi, neno hili lilinihubiria mimi. Wengine walicheka, lakini mimi siku hiyo sikucheka.

Kuna mama anayeuza mboga karibu na steji ninaposhukia. Kwa miaka minne nimenunua sukuma, nyanya na dania kwake. Akiona nimefika anaanza kukata sukuma kabla sijasema. Kuna mwezi mmoja pesa ilikuwa ngumu nyumbani, nikaanza kuchukua kwa deni. "Mama, andika, nitalipa mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukafika, nikalipa vitu vingine vilivyoonekana vikubwa. Mwezi wa pili nikaanza kushukia steji ya mbele na kupitia njia ya nyuma. Wapendwa, mchungaji wenu alikuwa anamkwepa mama mboga.

Jumamosi moja tukawa na mkutano wa injili pale steji. Spika ilikuwa kubwa, vijana wa sifa walikuwa wamejiandaa vizuri, na Neno nilihubiri mimi. Nilihubiri juu ya msalaba, kwamba Yesu alilipa deni lote. Kumbe spika inaelekea kibandani kwake. Alisikia kila kitu, saa nzima.

Tulipomaliza tukagawa vijikaratasi vya injili. Nikajipa moyo, nikampelekea chake. Akakipokea kwa heshima, akakisoma mbele na nyuma. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira: "Pasta, mahubiri yamekuwa mazuri. Sasa zile mia tatu na arobaini, ni Yesu atanilipa ama ni wewe?"

Vijana wa boda boda walisikia. Unajua vile walivyocheka.

Nilifika nyumbani nikachukua simu nimtumie pesa yake iishe. Mke wangu akaniuliza, "Unatuma ili alipwe, ama unatuma ili usimwone?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Usitume. Nenda."

Katika Mathayo 5:23–24 Yesu anafundisha kwamba ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo kwanza uende mkapatane. Mimi nilikuwa nimekumbuka zamani, na bado nikapanda madhabahuni na maikrofoni mkononi.

Jumatatu asubuhi na mapema nilimkuta akishusha magunia kutoka sokoni. Nikamlipa, nikaomba msamaha. Nikataka kuondoka haraka kama kawaida, lakini nilisikia moyoni: keti. Nikaketi kwenye kreti ya soda, nikamwuliza kitu ambacho kwa miaka minne sikuwahi kumwuliza: "Mama, wewe mwenyewe unaendeleaje?"

Alinitazama kwanza, kama mtu anayepima kama swali ni la kweli. Kisha akaniambia. Kijana wake wa kidato cha tatu alikuwa nyumbani wiki ya pili kwa sababu ya karo. Yeye mwenyewe alikuwa amechukua mboga kwa deni kule sokoni, na aliyemkopesha alikuwa amekataa kumpa tena. Shilingi 340 ambazo kwangu zilikuwa kitu kidogo cha kuahirishwa, kwake zilikuwa nauli ya kwenda sokoni alfajiri. Halafu akasema neno ambalo bado linaniuma: "Pasta, watu wa kanisa ndio hunikopa sana, na ndio hunizungusha sana."

Haleluya ilinikauka mdomoni. Kumbe ushuhuda tulikuwa tunatoa kila siku, sisi na yeye, pale kibandani, ila haukuwa ule tuliodhani.

YESU ALIANZA KWA KUOMBA MAJI

Turudi kisimani. Nani alianza kuongea? Yesu. Na alianza na nini? Hakuanza na dhambi za yule mama, wala na hukumu. Alianza na kiu yake mwenyewe. Alimwomba maji.

Yeye aliyeumba bahari anaomba maji kwa mwanamke Msamaria ambaye hata majirani zake pengine hawakutaka kuchota naye. Alijiweka mahali pa kumhitaji. Sisi mara nyingi tunamwendea mtu tukiwa tumejaa: tuna majibu, tuna mistari, tuna haraka. Hatuna shida yoyote ambayo yeye anaweza kutusaidia, wala swali ambalo yeye anaweza kutujibu. Halafu tunashangaa mbona anatutoroka akituona tumebeba Biblia.

Angalia pia kwamba Yesu alimwacha aulize. Aliuliza habari za Wayahudi na Wasamaria. Aliuliza kuhusu ndoo na kina cha kisima. Aliuliza juu ya mahali pa kuabudu. Yesu alijibu kila swali, na ukweli hakuuficha. Mambo ya wale waume watano yalitajwa. Lakini yalitajwa na mtu aliyekuwa ameketi naye, si kwa spika. Petro anatuagiza katika 1 Petro 3:15 tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole na heshima. Sasa kama hakuna anayeniuliza, huenda shida ni kwamba maisha yangu hayajampa mtu sababu ya kuuliza.

Sisemi tuache mikutano ya injili. Hapana! Mkutano ujao upo na spika tutabeba. Watu wengi humu ndani waliokoka kwenye mikutano kama hiyo. Ninasema kwamba Jumamosi haiwezi kubeba mzigo ambao Jumatatu mpaka Ijumaa zimeutupa.

USHUHUDA MFUPI UNATOSHA

Kuna mtu ananiambia, "Pasta, mimi sijui maandiko, nitasema nini?" Sikiliza mahubiri ya yule mama wa Samaria. Aliwaambia watu waje wamwone mtu aliyemwambia mambo yote aliyotenda. Kisha akaongeza swali: je, haiwezekani huyu ndiye Masihi? Basi. Hata yeye mwenyewe alikuwa bado anauliza! Hakungoja amalize madarasa ya uanafunzi. Alisema kile alichokiona, akawaalika wakajionee.

Mkumbuke pia yule msichana mdogo wa 2 Wafalme 5. Alikuwa mateka, anafanya kazi nyumbani kwa Naamani. Hatujui hata jina lake. Alimwambia bibi yake sentensi moja tu, kwamba kuna nabii Samaria anayeweza kumponya bwana wake. Jemadari akafunga safari kwa ajili ya sentensi ya mfanyakazi wa nyumbani. Lakini jiulize: angekuwa mwizi wa sukari, nani angemwamini?

Dada unayefanya kazi kwenye nyumba za watu, wewe si mdogo. Kaka unayeendesha boda boda, kila abiria uliyemrudishia chenji sawasawa ameshasikia nusu ya mahubiri. Ile nusu nyingine ni kufungua mdomo. Usikae tu na tabia nzuri ukidhani watu watakisia jina la Yesu. Mama yule alisema. Msichana yule alisema.

Na mwisho wa habari ya Sikari ni mzuri. Yesu alikaa kwao siku mbili. Wale watu wakamwambia yule mama kwamba sasa hawaamini kwa sababu ya maneno yake peke yake, kwa kuwa wamesikia wenyewe. Hiyo ndiyo kazi yetu: kuwafikisha. Kuokoa ni kwa Bwana.

Mnaniuliza, na yule mama mboga je? Sitawadanganya ili mahubiri yamalizike vizuri. Hajaokoka, na bado hajakanyaga kanisani kwetu. Lakini wiki mbili baada ya siku ile aliniita nikiwa ng'ambo ya barabara: "Pasta, kijana amerudi shule. Lakini anasumbua. Mwombee." Tukaomba pale pale, yeye amefumba macho, kisu cha sukuma mkononi. Siku hizi nikichelewa ananiuliza niliko. Juzi aliniuliza, "Leo umesoma nini kwenye hiyo Biblia yako?" Kwa miaka minne nilirudi nyumbani na sukuma. Ninamwamini Mungu kwamba safari hii nitarudi na mtu.

WIKI HII TUFANYE HIVI

1. Lipa deni. Kama kuna mtu wa duka, wa kibanda ama wa chama unayemkwepa, nenda ukamwone uso kwa uso. Kama huna pesa yote, nenda na uliyo nayo na ukweli. Soma Warumi 13:8.

2. Jifunze jina la mtu mmoja unayenunua kwake, na umwulize anaendeleaje. Kisha nyamaza usikilize. Anza kumwombea kwa jina hilo.

3. Andaa ushuhuda wako wa dakika mbili: nilikuwa hivi, Yesu akafanya hivi, sasa niko hivi. Roho Mtakatifu akifungua mlango, sema. Katika Matendo 1:8 ushuhuda unaanzia Yerusalemu, mahali walipokuwa. Yerusalemu yako ni ploti unayoishi.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini unadhani wanafunzi hawakumleta hata mtu mmoja kutoka Sikari? Ni nini kinachotuzuia sisi mtaani kwetu?

2. Watu wanaotuuzia vitu wangesema nini juu ya watu wa kanisa letu? Jibuni kwa ukweli.

3. Ni nani alikuleta wewe kwa Yesu, na alianza mazungumzo vipi?

TUOMBE

Bwana Yesu, tusamehe kwa mara nyingi tulizopita katikati ya watu wako tukaona bei tu. Tusamehe madeni tuliyoyaficha nyuma ya Biblia, na utupe ujasiri wa kwenda kuyalipa. Tufundishe kuketi na kusikiliza kama ulivyoketi kisimani. Tunakutajia mama wa kibanda, fundi, makanga, kijana wa boda boda na kila jina tutakalojifunza wiki hii. Roho Mtakatifu, tupe neno kwa wakati wake. Jumapili ijayo tusije peke yetu. Katika jina la Yesu, Amina.