Useja na Ndoa ya Wahudumu wa Kanisa katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Katika nyanda za Mbulu na Hanang nchini Tanzania, ikiwemo kata ya Masakta, Wakatoliki na Walutheri huishi pamoja na kuzikana, ilhali padri wa parokia hana mke, naye mchungaji wa usharika ana mke na watoto. Tofauti hiyo huzua swali la kiimani: ni hali ipi inayomfaa zaidi mtumishi wa Mungu?

Useja, yaani ahadi ya kutooa kwa ajili ya Ufalme wa Mungu, haukuwa sharti la wahudumu wote tangu mwanzo, kwani Mtume Petro alikuwa na mama mkwe, na Waraka wa Kwanza kwa Timotheo unamtaka askofu awe mume wa mke mmoja. Mtaguso wa Pili wa Laterano, mwaka 1139, ndio uliotamka kuwa ndoa inayofungwa na mtu mwenye daraja takatifu ni batili, huku Makanisa ya Mashariki yakiendelea kuwapa upadri wanaume waliokwisha kuoa. Kwa upande wa Walutheri, Martin Luther alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa, mwaka 1525, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 likatetea ndoa ya makasisi. Mapokeo yote mawili yalifika Mbulu, ambako prefektura ya kitume, yaani eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo, iliundwa mwaka 1943, na Walutheri wa Norwei wakafungua hospitali ya Haydom mwaka 1955.

Kwa wakulima na wafugaji, ambao kwao heshima ya mtu mzima hutokana na mji wake, watoto na mifugo, padri hatoi sadaka mke tu bali pia uzao utakaobeba jina lake. Mchungaji naye akihamishwa, watoto hubadili shule na mahindi hubaki shambani, na mke wake, mama mchungaji, hupokea wageni na kufariji wafiwa bila mshahara. Kwa kuwa Paulo afundisha kwamba kila mtu ana karama yake, hakuna sadaka iliyo juu ya nyingine. Lililo wajibu ni waumini kuwa ndugu wa padri hata uzeeni mwake, na kuithamini kazi ya mama mchungaji kama utumishi kamili, kwani Kanisa linalodai sadaka bila kuitunza huwadhulumu watumishi wake.