Dhima ya Mwenye Kufunga: Panya Mzazi na Wanawe

 

Naliendele ni mahali pa wakulima, karibu na mji wa Mtwara, na hapo ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo kinachochunguza mikorosho, karanga na ufuta wa kusini. Mahali kama hapo panya hana mtetezi. Hufukua mbegu ya karanga kabla haijaota, hutoboa magunia ghalani, hukata nguo sandukuni. Wala madhara yake hayaishi katika mali, kwani tauni iliyozuka Lushoto mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara katika miaka iliyofuata, ni maradhi yachukuliwayo na viroboto vya panya. Wako majirani wa pwani hiyo wamlao panya wa mashamba, nao humwita samaki nchanga. Basi mtu wa huko amjua panya kwa njia mbili, ya kuuawa na ya kuliwa. Na Mwislamu wa madhehebu ya Shafi amjua kwa ile ya kwanza tu.

Lakini iko njia ya tatu, nayo ndiyo yenye mas'ala. Na ifikiriwe hivi: mtoto awakuta panya wawili wachanga, asijue dume wala jike, awatia katika sanduku na kuwalisha makombo ya muhogo. Panya wamzoea hata wakawa wanakula mkononi mwake. Siku moja afungua sanduku, aona wana wanane wekundu, hawana manyoya, macho yamefumba, na mama yao amewalalia. Baba asema watupwe jaani. Mama wa nyumba, ambaye moyo wake ni mwepesi, asema wasiguswe, sanduku lifunikwe tu, watakufa wenyewe. Mtoto alia. Wazee wote wawili wategemea hoja moja: panya ni mnyama ambaye sharia imeruhusu kumwua; basi ana haki gani juu ya mtu?

Ruhusa hiyo ni ya kweli, wala haifai kuifanyia hila. Panya amehesabiwa na Mtume, sala na salamu zimshukie, katika wale watano waharibifu wanaouawa popote, hata katika eneo takatifu la Makka. Lakini ruhusa ya kuua ina mipaka yake. Mtume huyo huyo amefundisha kuwa wema umefaradhiwa katika kila jambo, hata katika kuua, na amekataza kumwadhibu kiumbe kwa moto, na kumfunga mnyama akafanywa shabaha. Basi aliyeruhusiwa kuua ameruhusiwa kifo, hakuruhusiwa adhabu. Mwana wa panya aliyetupwa jaani yu hai, akaliwa na sisimizi kidogo kidogo, ameadhibiwa.

Na maneno ya yule mama je, ambayo yaonekana kuwa ya huruma kuliko ya baba? Hapo ndipo penye khatari zaidi. Kila Mwislamu ameisikia khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Wengi huisimulia kana kwamba kosa lake lilikuwa kumchukia paka, au kumpiga. Khabari yenyewe haikutaja kipigo. Alimfunga, hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhi. Mkono wake haukumwaga damu. Yamkini alijiona hana hatia, kwani hakufanya kitu. Na kutofanya kitu, baada ya kufunga mlango, ndiko kulikokuwa dhambi yake.

Asije mtu akasema kuwa paka ni mnyama wa nyumbani na panya ni mharibifu, kwa hiyo khabari hiyo haimhusu. Lililomtia yule mwanamke hatiani ni kifungo, na kifungo ni kifungo, awe ndani paka au panya. Kabla ya sanduku, panya jike alikuwa na yote aliyopewa na Muumba wake: meno ya kuchimbia, miguu ya kukimbilia, pua ya kutafutia chakula. Angejichagulia shimo kavu lililo mbali na siafu, na adui akija angewabeba wanawe mmoja mmoja kwa kinywa akawahamisha. Mwenye sanduku amemnyang'anya yote hayo. Alilolichukua, amelichukua na deni lake. Panya wa porini hamdai mtu chakula. Panya wa sandukuni amdai yule aliyefunga kifuniko.

Wako wanavyuoni waliokataza kabisa kuwafuga wale watano, na mwenye kuishika kauli hiyo asiwaweke tangu mwanzo. Lakini kauli hiyo haimfungulii njia aliyekwisha kuweka. Mtu aliyekopa mkopo usiomfaa hasamehewi kulipa kwa kuwa hakupaswa kukopa.

Huenda ikasemwa tena kuwa ni upuuzi kumhangaikia panya ilhali watoto wa watu wana njaa. Jawabu ni kuutazama uzito wa deni lenyewe. Mama apewe maji yasiyokatika na chakula zaidi ya desturi yake, kwani maziwa hutoka katika chakula: nafaka, karanga chache, kipande cha yai au dagaa. Apewe majani makavu au karatasi zilizochanwa, ajitengenezee tundu mwenyewe, kwani wachanga hawana joto la kuwatosha. Nyuzi ndefu zisitiwe, zisije zikawanyonga au kuwafunga miguu. Sanduku likae kivulini, si chini ya bati la Novemba, na kama lina miguu, kila mguu usimamishwe katika kikopo cha maji ili siafu na sisimizi wasipande, kama yafanywavyo makabati ya chakula. Kisha aachwe atulie. Panya mzazi aliyetishwa sana, au mwenye njaa na kiu, huweza kuwala wanawe; na wanaomwona hulaani ukatili wake, wasiulize ni nani aliyemfikisha hapo. Mwenye kutaka kujua kama wananyonya na atazame tumbo la mchanga: maziwa huonekana meupe kupitia ngozi yake.

Liko na jambo ambalo wengi hawalijui. Dume aondolewe mara moja, kwani jike huweza kushika mimba nyingine ndani ya siku moja baada ya kuzaa, akanyonyesha na kuchukua kwa pamoja hata akadhoofu. Macho ya wana hufumbuka baada ya majuma mawili. Huacha ziwa katika juma la tatu au la nne. Na kabla ya kutimia juma la tano madume hutengwa na mama yao na dada zao, la sivyo sanduku moja litakuwa kumi. Kutozidisha wasioweza kulishwa ni sehemu ya huruma. Basi deni lote ni konzi ya nafaka, maji, kivuli, na majuma machache ya uangalifu. Hakuna mtoto wa mtu atakayelala njaa kwa hayo.

Na asiyeamini kuwa jamaa ya panya yaweza kutunzwa kwa adabu na aitazame Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chama cha APOPO, kilichoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, huzalisha panya buku, wakubwa kuliko wa nyumbani, na kuwazoeza na watu tangu udogo wao. Hufundishwa kunusa baruti iliyofukiwa, na kugundua kifua kikuu katika makohozi. Watu wa Ruvuma wana sababu ya kuijua kazi hiyo. Ng'ambo ya mto, Msumbiji ilipita katika vita vya kujikomboa, 1964 hata 1974, kisha vita vya ndani, 1977 hata 1992, na ardhi yake ikabaki imetegwa mabomu. Panya wa Morogoro walikuwa miongoni mwa waliosaidia kuyatafuta, hata nchi hiyo ikatangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa. Mwenzao Magawa, aliyezaliwa mwaka 2013, aligundua mabomu zaidi ya mia katika Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu na chama cha Uingereza mwaka 2020, akastaafishwa 2021, akatunzwa hata kufa kwake Januari 2022.

Khabari hizo zapendeza, lakini dhima haikujengwa juu yake. Magawa alistahili maji kabla hajanusa bomu hata moja, naye akapewa baada ya kuacha kazi, asipokuwa na faida tena. Panya wa sanduku la Naliendele hatagundua kitu. Na maji yake ni yale yale.

Basi wazee wa nyumba ile wana khiari mbili za haki. Ama wawaue wote mara moja, mama na wana, kwa kifo cha haraka kisicho mateso, na baba afanye kwa mkono wake mwenyewe wala asimwachie mtoto. Ama wamtunze mpaka wana waache ziwa, na mtoto aonyeshwe namna ya kutimiza alichokianza. Khiari ya tatu, ya kufunika sanduku na kwenda zao, haimo. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujua mzazi. Na Mtume alipomwona ndege akihangaika juu ya makinda yaliyochukuliwa, aliamuru yarudishwe kwa mama yao, wala hakuuliza ndege huyo ana faida gani.

Mtoto atasahau panya. Hatasahau alivyofunzwa kukitendea kilicho ndani ya uwezo wake, na kesho uwezo huo utakuwa juu ya mke, juu ya yatima, juu ya mfanyakazi, juu ya mfungwa. Mwenyezi Mungu atuongoze sote katika kutimiza amana. Amin.