Fundi Usiyemjua

Hapa Mpanda, fundi wa pikipiki unamjua. Unajua anakaa mtaa gani, anasali wapi, na mwisho wa mwezi anakuwaje. Akikufungia ringi feki, kesho mtakutana sokoni.

Injini ya ndege haina sokoni. Zile ndege ndogo za Skyleader zinazounganishwa Morogoro na kampuni ya Airplanes Africa Limited zinatumia injini za Rotax, na Rotax zinatengenezwa Gunskirchen, Austria. Aliyekaza bolti hatakuona maisha yake yote. Kwa nini umwamini?

Jibu la haraka ni karatasi. Kila injini ina namba yake na kitabu chake. Rotax 912, yenye silinda nne, inapewa saa 2000 au miaka 15, kisha inafunguliwa yote. Pikipiki ya bodaboda ikikimbia saa 8 kwa siku, saa hizo zinaisha ndani ya miezi tisa, na hakuna anayehesabu. Fundi wetu atakwambia "itafika tu, bosi", na wala si mwongo: ikizima, utaisukuma. (Ikizimia Sitalike jioni, viboko nao wana maoni yao.) Angani hakuna pa kusukumia, ndiyo maana kazi inasainiwa kwa jina la mtu.

Lakini karatasi nayo inadanganya. Mwaka 2023 iligundulika kuwa AOG Technics, kampuni ya London, iliuza spea za injini za CFM56 kwa vyeti vya kughushi. Injini hizo zinabeba Boeing 737 na Airbus A320 dunia nzima. Walioshtuka ni mafundi wa shirika la TAP la Ureno: cheti kilisema spea ni mpya, macho yao yakaona imechakaa. Wangeweza kuifunga tu. Karatasi ingewalinda.

Hapo ndipo swali linapouma, kwa sababu kusema "hapana" kuna anayelipia, na mara nyingi si fundi. Novemba 2022 Air Tanzania ilisimamisha baadhi ya Airbus A220 zake kwa hitilafu za injini, na watu wakalalamika. Ukikaa Mpanda na mgonjwa wako anasubiriwa Muhimbili, ndege isiyoruka si habari ya usalama, ni siku imepotea. Huyo anayesubiri anaonekana, ana jina. Anayeokolewa na ndege isiyoruka haonekani, hata mwenyewe hajui kwamba ameokolewa. Mimi naona fundi ana deni kwa huyo wa pili zaidi, ingawa siwezi kwenda kumwambia hivyo wa kwanza usoni.

Watu wanabishana kama ndege ya Morogoro ni "yetu" wakati injini imetoka Austria. Ningeuliza jingine, tena kwa karakana yoyote: kijana wa miaka 22 akiona bolti haijakaa sawa, na mteja yuko mlangoni, na bosi ameshaangalia saa mara tatu, anaweza kusema "bado" na Jumatatu akarudi kazini?