Kilimia, Orioni na Ulimi Wetu

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Ayubu 9:4–10, Ayubu 13:1–12, Ayubu 38:31–33, Ayubu 42:7, 8, Kutoka 20:16, Mathayo 24:23–31.

Fungu la kukariri: Ayubu 13:7

Ilikuwa Sabato asubuhi, kabla ya wimbo wa kufungua. Mzee wa kanisa alisimama mbele akiwa na simu mkononi, akatuonyesha picha ya mji mweupe uking'aa katikati ya giza. Maelezo yake yalisema kwamba darubini mpya ya Wamarekani imeuona Mji Mtakatifu ukishuka kupitia Orioni. Tukasema "Amina." Akina mama wawili walitokwa na machozi. Katika kiti cha nyuma, kijana mmoja anayesoma fizikia chuo kikuu aliinua mkono, akauliza kwa adabu, "Mzee, picha hii imetoka wapi?" Akaambiwa asiache elimu ya dunia imtie kiburi. Akashusha mkono. Sabato iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake.

Mimi nilikuwepo, na "Amina" niliitikia kama wengine.

JUMAPILI: Majina Ambayo Ayubu Aliyajua

Soma Ayubu 9:4–10 pamoja na Ayubu 38:31–33. Ayubu alizitaja nyota hizi muda mrefu kabla Mungu hajamwuliza habari zake. Kwa nini basi aliulizwa?

Waliotafsiri Biblia yetu hawakuhitaji kubuni neno kwa ajili ya lile kundi dogo la nyota zilizosongamana. Walilikuta tayari kwa mkulima: Kilimia, kinachomwambia majira ya kulima. Wazee husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mkulima hufuata Kilimia. Kilimia hakimfuati mkulima. Basi msomaji wa Kiswahili akifika Ayubu 38 analielewa swali haraka. Mungu hakuwa anamtahini Ayubu elimu ya nyota. Ayubu majina aliyajua. Alichoonyeshwa ni kwamba kujua jina la kitu si kukishika mkononi.

Kati ya Desemba na Machi, wakati wa jioni, toka nje utazame juu. Nyota tatu zilizojipanga mstari ni mkanda wa Orioni, nao kwetu Afrika Mashariki hupita karibu na utosi. Kusini kidogo ya mkanda zimening'inia nyota nyingine ndogo, kama upanga. Ya katikati huonekana kama ina ukungu. Usifikicha macho; huo ukungu upo kweli, na ndio tutakaouzungumza kesho.

JUMATATU: Uwazi Katika Orioni

Katika karne ya 17 Mholanzi Christiaan Huygens aliuchora ukungu huo alivyouona kwa darubini, akaufananisha na uwazi angani unaoonyesha mahali penye nuru zaidi. Mwaka 1845, huko Ireland, Lord Rosse alikamilisha darubini yenye kioo cha upana wa karibu meta 1.8, kikubwa kuliko vyote vya wakati ule. Mwaka uliofuata Joseph Bates, nahodha mstaafu na mmoja wa waasisi wa kanisa letu, alichapa kijitabu kuhusu kufunguka kwa mbingu, na Orioni imo ndani yake. Kisha, Desemba 16, 1848, Ellen White alionyeshwa katika njozi uwazi katika Orioni, ambako sauti ya Mungu ilitoka, na kwamba Mji Mtakatifu utashuka kwa njia hiyo. Maelezo yake ni mistari michache tu. Hayataji darubini, wala hayataji tarehe. Tunayoongeza juu yake ni yetu.

Sasa tuitazame darubini yenyewe. James Webb ilirushwa Desemba 25, 2021, kutoka Kourou katika Guyana ya Kifaransa. Ni kazi ya pamoja ya Marekani, Ulaya na Kanada. Iko umbali wa kilometa milioni 1.5 hivi kutoka duniani, na kioo chake cha meta 6.5 kimeunganishwa kwa vipande 18. Hupokea mwanga ambao macho yetu hayauoni, ule wa jamii ya joto, unaopenya katika vumbi ambalo mwanga wa kawaida hushindwa kulipita. Nayo imeutazama ukungu wa Orioni, ulio mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru 1,300.

Imeona nini? Imeona wingu kubwa la gesi na vumbi, nyota changa, na visahani vya vumbi vinavyozizunguka. Ule uwazi wa zamani ni kama pango ndani ya wingu, lililochimbwa na nuru na upepo mkali wa nyota chache za moto sana zilizo katikati; kuta za pango ndizo zinazong'aa. Ni uzuri unaomfanya mtu anyamaze. Mji haukuonekana.

Picha za mji mweupe zina historia yake. Februari 1994 gazeti moja la Marekani, lililojulikana kwa habari za kubuni, lilitangaza kwamba darubini ya Hubble imepiga picha ya mbinguni. Tangu hapo uvumi huo haujafa. Hubadilisha jina la darubini tu na kuendelea na safari, na picha tuliyoonyeshwa sisi ni ya ukoo huo.

Linganisha na jambo hili. Oktoba 2023 watafiti wawili walitangaza kwamba ndani ya ukungu wa Orioni, kwa kutumia Webb, wameona jozi 40 hivi za vitu vyenye uzito wa kadiri ya sayari ya Mshtarii, visivyozunguka nyota yoyote. Habari ilienea kila mahali. Mwaka uliofuata mtafiti mwingine alizipitia picha zilezile, akaandika kwamba nyingi kati ya jozi hizo huenda ni nyota za mbali tu, zilizo nyuma ya wingu. Mjadala ukaanza hadharani. Katika kazi hiyo, anayeuliza jambo limetoka wapi hahesabiwi kuwa ana kiburi; kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Inaniumiza kuandika hivi, lakini siku ile wao wangekuwa waangalifu zaidi kuhusu Orioni kuliko sisi tunaomngojea Bwana.

JUMANNE: Mawakili Wasioitwa

Soma Ayubu 13:1–12, kisha Ayubu 42:7, 8. Marafiki wa Ayubu walikosa nini hasa?

Hawakumtukana Mungu. Walimtetea. Waliona kwamba maneno ya Ayubu yanahatarisha heshima ya Mungu, na Elifazi akafika hata kumtungia dhambi ambazo hakuzitenda (Ayubu 22:5–9), ili hesabu ikae sawa. Ndipo Ayubu alipokuwa amekwisha kuwauliza swali la fungu letu la kukariri: je, watasema udanganyifu kwa ajili ya Mungu? Mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anaamua kesi, na mawakili wake ndio wanaoambiwa walete sadaka. Tena wanatumwa kwa mtu yuleyule waliyemjeruhi, awaombee.

Amri ya tisa haina kifungu kinachoruhusu ushuhuda wa uongo pale jirani anapoweza kuongoka kwa huo.

JUMATANO: Kama Umeme

Soma Mathayo 24:23–31. Yesu alisema watakuwapo watu watakaodai kwamba yuko jangwani au yumo ndani. Anatuambia tufanye nini na habari hizo?

Hatuambii twende tukalichunguze jangwa kwa bidii zaidi. Anasema kuja kwake kutakuwa kama umeme, na Ufunuo 1:7 husema kila jicho litamwona. Ataonwa na bibi asiye na simu, na mgonjwa aliyelala wodini, na mfungwa. Kuja kunakohitaji kwanza kugunduliwa na watu wachache wenye mitambo si kule tulikofundishwa.

Wengine huogopa upande wa pili: kwamba jambo likijulikana chanzo chake, haliwezi kuwa ishara. Nyota zilizoanguka Novemba 13, 1833, leo tunajua zilitokana na vumbi la nyota yenye mkia iitwayo Tempel-Tuttle, inayorudi kila baada ya miaka 33 hivi. Lakini Kutoka 14:21 hutuambia bahari iligawanyika kwa upepo wa mashariki. Israeli walijua upepo ni upepo. Wakavuka.

ALHAMISI: Kwenda kwa Ayubu

Nilimtembelea yule kijana. Nilidhani amechukizwa na kuaibishwa mbele ya watu. Akasema, "Hapana. Nilikaa nikajiuliza: kama hawajali hii ni kweli au si kweli, na kaburi tupu je?" Sikuwa na jibu la haraka.

Nikamwendea mzee, nikamweleza nilichokipata kuhusu picha ile, na kwamba mimi pia niliitikia. Alinyamaza kwa muda mrefu. Yeye si mtu mbaya. Anampenda Yesu na anatamani tuwe tayari. Sabato iliyofuata alisimama palepale, akasema picha ile si ya kweli, aliipokea bila kuuliza, na anaomba radhi. Haikuchukua dakika moja. Jumapili yake akaenda mwenyewe hadi kwa kina kijana. Walichozungumza sikukisikia, ila najua kwamba kijana amekubali kuja usiku mmoja na darubini ndogo ya kuazima, awaonyeshe Watafuta Njia wetu ukungu wa Orioni. Kuhusu Sabato hajasema lolote.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Soma Matendo 17:11. Watu wa Beroya waliyachunguza hata mahubiri ya Paulo, nao wakasifiwa. Darasa lenu humpokeaje mtu anayeuliza, "Imetoka wapi?"

2. Umewahi kusambaza kwa simu habari ya kiroho ambayo baadaye uligundua si ya kweli? Uliwarudia wote uliowatumia?

3. Je, yupo mtu katika kanisa lenu aliyeshusha mkono? Ni nani kati yenu atakayekwenda kwake juma hili?