Msomi wa biashara asiyejua mzani: Somo kutoka mwalo wa Kibirizi

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu, aliyehalalisha biashara na kuharamisha riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyefanya biashara kabla ya kupewa utume, na watu wa Makka wakamwita Al-Amin, yaani Mwaminifu. Amma baad.

Ndugu msomaji, kila mwaka vyuo vinapofunga, vijana wetu wanaosomea biashara, uhasibu, ununuzi na ugavi hutakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo, maarufu kwa jina la fildi, kwa muda ambao mara nyingi ni wiki nane hivi. Hapo ndipo mtihani unapoanza. Wapo wanaozunguka na barua ofisi hadi ofisi bila kupata nafasi. Wapo wanaoipata, lakini kazi yao ikawa kutoa fotokopi na kutumwa chai. Na lipo kundi la tatu, ambalo ndilo linalotisha zaidi. Hawa humtafuta mjomba mwenye mhuri, daftari la fildi likajazwa kwa usiku mmoja kwa wiki zote nane, likagongwa mhuri na kupelekwa chuoni.

Tuseme wazi bila kuoneana haya. Daftari lile ni ushahidi wa uongo, na Mtume (SAW) ameuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Mjomba aliyegonga mhuri naye ni shahidi, tena shahidi mtu mzima. Je, kijana anayeanza safari yake ya biashara kwa kughushi, kesho tukimkabidhi mfuko wa msikiti au hesabu za shule yetu ya Kiislamu, tutegemee nini?

Swali la haki linabaki: ofisi zikiwa chache, kijana afanye nini? Kwa sisi wa Kigoma jibu haliko mbali. Ashuke mwaloni Kibirizi.

Kibirizi iko kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Hapa hushushwa dagaa na migebuka iliyovuliwa usiku kwa taa. Hapa huondoka maboti yanayokwenda vijiji vya kaskazini, Gombe na Kagunga, na hapa hukutana wafanyabiashara wa kwetu na wenzao wa Kongo na Burundi. Kina mama huanika dagaa, wachuuzi hupatana bei, magunia hufungwa kwenda mikoani. Yote anayoyasoma kijana darasani, mtaji, gharama, masoko, mikopo, usafirishaji na sarafu za kigeni, yapo pale, na hayangoji mhadhiri afike.

Hebu tuyatazame mambo manne tu.

Kwanza, hesabu ya faida. Tuseme, kwa mfano, mama mmoja amenunua dagaa wabichi kwa shilingi 100,000. Akalipa wabebaji 5,000, waanikaji 10,000, magunia na ushuru 10,000, usafiri 25,000. Akauza kwa shilingi 180,000. Akiulizwa atasema amepata 80,000, kumbe faida yake ni 30,000. Asipolijua hilo, atakula mtaji akidhani anakula faida. Na ikinyesha mvua siku ya kuanika, hata hizo 30,000 zinaweza kuondoka. Kijana wa mwaka wa pili akikaa naye wiki nane akimwandikia mahesabu, nani atakuwa amemsaidia mwenzake zaidi? Wote wawili wamefaidika, na kijana ameona kwa macho yake gharama ambazo kitabuni zilikuwa maneno tu.

Pili, uaminifu wa kipimo. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini asiuweke juu watu wakauona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Gunia la dagaa lina mtihani huo huo: wakavu juu, wenye unyevu na mchanga chini. Na mwanzo wa Surat Al-Mutaffifin (83:1-3) umewaonya kwa adhabu wale wanaojipimia kamili na kuwapunja wenzao. Aya hiyo mwanafunzi anaweza kuihifadhi darasani, lakini utamu na uzito wake ataujua siku atakaposimama mbele ya mzani, mteja hatazami, na bosi wake anamkonyeza.

Tatu, madeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo. Pamoja na hayo, ni maduka mangapi ya Waislamu ambayo madeni yake yamo kichwani mwa mwenye duka, na akifariki yanazikwa naye? Kisha kuna jambo zito zaidi. Katika mialo mingi ya uvuvi, mnunuzi humkopesha mvuvi fedha za mafuta na nyavu kwa sharti kwamba samaki wote amuuzie yeye kwa bei ya chini. Wanazuoni wamefundisha kwamba mkopo unaoshurutishwa kumnufaisha mkopeshaji ni riba, hata kama haukuitwa riba. Mtume (SAW) alipofika Madina na kuwakuta watu wakilipia matunda kabla ya kuvunwa, aliwaelekeza kuwa kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Ushirika wa kugawana faida na hasara nao una njia yake katika sheria. Nani atakayewaonyesha wavuvi wetu njia hizi na kuwaokoa na mikopo ya kausha damu, kama si kijana aliyesoma biashara na dini pamoja, na akaujua mwalo ulivyo?

Nne, majira. Usiku wa giza dagaa huwa wengi na bei hushuka, mbalamwezi ikitoka uvuvi wa taa hupungua na bei hupanda. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mfanyabiashara anayetegemea dagaa peke yake ataishije miezi mitatu? Akihifadhi mzigo, ni wapi inapoishia akiba ya halali na kuanzia uhodhi wa kuwatesa watu? Hilo ni swali la mtihani, na hapa anayelijibu vibaya hulala na njaa.

Najua yatakayosemwa. "Mtoto nimemsomesha mpaka chuo kikuu, leo akauze dagaa?" Mzazi mwenzangu, tujikumbushe. Nabii Musa (AS) alikubali kuajiriwa Madyan kwa miaka minane, akitaka atimize kumi (28:27), na kilichompatia kazi, kama alivyosema binti wa mzee yule, ni nguvu na uaminifu (28:26). Yeye miaka minane, sisi wiki nane zinatushinda! Mtume wetu (SAW) aliongoza bidhaa za Bi Khadija (RA) hadi Sham. Abdur-Rahman bin Auf (RA) alipohamia Madina na kupewa ahadi ya nusu ya mali ya ndugu yake, aliomba aonyeshwe soko lilipo, akaanza na jibini na samli. Aibu iko wapi?

Hapa kwetu tuna somo jingine. Uislamu uliingia Ujiji katika karne ya 19 kwa njia ya misafara ya biashara. Lakini misafara hiyo hiyo ilibeba pembe za ndovu na binadamu waliotiwa minyororo. Biashara isiyomuogopa Allah hufika mbali sana, na dhulma yake pia hufika mbali. Ndiyo maana haitoshi kijana ajue kupata faida. Ajue na mipaka yake.

Basi tufanye nini? Mwanafunzi aanze kwa kumuuliza msimamizi wake chuoni kama fildi kwa mfanyabiashara mwenye leseni inakubalika. Isipokubalika, likizo ni ndefu, afanye hata kama haina alama. Aende na daftari lake, aandike kila siku alichokifanya kweli, na siku ambayo hakufanya kitu aandike hivyo hivyo. Mabinti nao wana nafasi, kwani uanikaji na uchuuzi wa dagaa umeshikwa sana na kina mama. Wawekwe chini ya mama mwaminifu, kwa stara na saa za mchana.

Nanyi wafanyabiashara Waislamu, msiwafanye vijana hawa vibarua wa bure. Mwonyesheni kijana daftari la manunuzi, msimfiche bei. Mkimtumikisha kama mfanyakazi, mlipeni kabla jasho lake halijakauka. Akiwaambia kuwa mzani wenu una kasoro, mshukuruni, msimfukuze.

Na kila atakayeombwa mhuri kwa kazi ambayo haikufanyika, akatae. Amwambie kijana: mhuri sikupi, ila kesho alfajiri njoo tushuke wote mwaloni.

Tunamuomba Allah (SW) awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, riziki ya halali na mizani iliyo sawa. Amin. Wabillahi tawfiq.